Neuropeptidi, insulini na ukubwa wa nzi wa matunda: upime wapi kwanza?

Umeizima sNPF, moja ya neuropeptidi (vijumbe vya neva), kwenye ubongo wa nzi wa matunda, na nzi wametoka wadogo. Au umeizidisha, wametoka wakubwa. Sasa unataka kusema kwamba insulini ndiyo iliyobadilika, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa uzamili hukwama, kwa sababu njia za kulionyesha jambo hilo ni kadhaa na fedha ya kuzifanya zote haipo. Nne ndizo zinazotumika sana: kupima mwili wenyewe, kuitia rangi Dilp2 (insulini ya nzi) ndani ya seli zinazoitengeneza, kupima Akt (protini inayopitisha ujumbe wa insulini) iliyopachikwa fosfati, na kupima jeni za 4E-BP na InR, zinazoitikia insulini, kwa qPCR, yaani kipimo cha wingi wa RNA. Zote huitwa "kupima insulini", lakini kila moja inasikiliza mahali pake kwenye mnyororo mmoja mrefu. Ukichagua bila kujua ni mahali gani, utapata jibu zuri la swali ambalo hukuuliza.

Mnyororo wenyewe

sNPF ni neuropeptidi, yaani kipande kifupi cha protini ambacho seli za neva hukitoa kupelekea ujumbe. Mwaka 2008 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kuwa kipokezi chake, sNPFR1, hufanya kazi ndani ya seli za ubongo zinazotengeneza insulini. Ujumbe ukifika huko huwasha ERK, protini ya kupitisha ishara ndani ya seli, na ERK huongeza utengenezaji wa insulini. Nzi ana peptidi nane za jamii ya insulini, Dilp1 hadi Dilp8. Dilp2, Dilp3 na Dilp5 hutoka hasa kwenye seli hizo, nazo ni 14 tu, saba kila upande wa ubongo.

Zikishamwagwa kwenye hemolimfu, ambayo ndiyo damu ya mdudu, Dilp hushika kipokezi InR kwenye tishu ya mafuta, kwenye mabawa yanayochipua na kwingineko. InR huamsha Chico, Chico huamsha PI3K, PI3K huamsha Akt. Akt ikiwa hai, FOXO, protini inayowasha jeni, hubaki nje ya kiini cha seli. Insulini ikipungua, FOXO huingia kwenye kiini na kuwasha jeni mbili zinazotufaa sana hapa: 4E-BP, ambayo hubana utengenezaji wa protini, na InR yenyewe. Nzi waliokosa sNPF walionyesha mfuatano huo: Akt ilishuka, FOXO iliingia kwenye kiini, 4E-BP ilipanda, na seli za tishu ya mafuta zilisinyaa.

Kabla ya kuchagua kipimo chochote, kuna mtego wa kuuondoa. Kundi hilohilo la watafiti lilikuwa limeshaonyesha mwaka 2004 kwamba sNPF huongeza ulaji. Kwa hiyo nzi mkubwa anaweza kuwa mkubwa kwa sababu tu alikula zaidi alipokuwa buu, na tishu yake ya mafuta ikauambia ubongo umwage insulini. Hakuna kati ya njia hizi nne inayoweza kutenganisha mambo hayo mawili peke yake. Kinachotenganisha ni muundo wa jaribio: badala ya kuigusa sNPF ubongo mzima, punguza kipokezi sNPFR1 ndani ya seli za insulini pekee kwa kutumia dilp2-GAL4 (GAL4 ni swichi ya kijeni, hapa kwenye seli za dilp2 tu, inayowasha jeni iliyofungwa kwenye UAS), kisha pima ulaji. Changanya rangi ya bluu ya chakula kwenye uji wa hamira, waache mabuu wale dakika 20 hadi 30, waoshe, wasage, soma rangi kwenye spektrofotomita karibu na nanomita 630. Kama ulaji haukubadilika na mwili umebadilika, una hoja.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia tumeipima kwa mambo manne: inasikiliza wapi kwenye mnyororo, inadai vifaa na kazi gani, inakosea wapi, na inamfaa nani. Bei hatukuifanya kigezo cha peke yake, kwa sababu hubadilika sana kati ya maabara yenye hadubini ya konfokali mlango wa pili na ile inayopaswa kuiomba chuo kingine.

1. Kupima mwili: pupa, uzito, bawa

*Inasikiliza wapi.* Mwisho kabisa wa mnyororo. Nzi mzima haongezeki kimo. Ukubwa wake huwa umeshaamuliwa alipoacha kula akiwa buu. Kwa hiyo unachopima ni jumla ya siku zote za ubuu, na insulini ni sehemu tu ya jumla hiyo.

*Vifaa na kazi.* Hadubini ndogo ya kupasulia, kamera, mizani nyeti, na programu ya ImageJ ambayo ni ya bure. Waache nzi watage kwa saa nne tu kwenye sahani ya agari yenye uji wa hamira. Baada ya saa 24 chukua mabuu waliototolewa karibuni, weka 30 kwa kila kichupa chenye chakula kipya, nyuzi 25. Idadi hii isilegezwe. Mabuu wakibanana, wote hutoka wadogo bila kujali jeni, na kundi lililotaga mayai mengi ndilo litakaloonekana "lenye insulini kidogo".

Pupa hupigwa picha ubavuni mwa rula ya hadubini. Ujazo ni 4/3 × π × (urefu/2) × (upana/2)². Pupa wa milimita 3.0 kwa 1.1 ana ujazo wa takriban milimita za ujazo 1.9. Angalia kuwa upana umepandishwa kwenye kipeo cha pili: ukikosea upana kwa asilimia 5, ujazo utakosea kwa karibu asilimia 10. Pupa aliyelala upande mmoja kidogo anatosha kuharibu wastani, kwa hiyo wapange wote mgongo juu kwenye mkanda wa gundi kabla ya kupiga picha.

Bawa linakupa kitu ambacho uzito haukupi. Kila seli ya bawa huota kinyweleo kimoja. Likate bawa la kulia, lilaze kwenye kitelezi, pima eneo lote, kisha hesabu vinyweleo ndani ya mraba mmoja uliouchagua mahali palepale kwa kila bawa. Ukigawa, unajua kama bawa ni dogo kwa sababu seli ni ndogo, ni chache, au vyote viwili. Nzi wasio na Chico wana vyote viwili, seli ndogo na chache. Kama nzi wako wana seli chache zenye ukubwa wa kawaida, usikimbilie insulini. Angalia pia njia nyingine za ukuaji.

*Inapokosea.* Kwanza, muda. Ukubwa wa mwisho ni kasi ya kukua mara siku za kukua. Nzi waliopoteza seli za PTTH, homoni ya ubongo inayochochea ekdisoni (homoni ya kubadilika kuwa pupa), huchelewa kuwa pupa na hutoka wakubwa, ingawa insulini haikuongezwa. Ndiyo maana anayepima pupa lazima pia ahesabu, kila saa sita au nane, wangapi wameshakuwa pupa. Nzi wadogo waliochelewa wanaendana na insulini pungufu. Nzi wadogo waliowahi wanasema jambo jingine.

Pili, jinsia. Jike ni mzito kuliko dume, na tumbo lake hujaa mayai. Kwa uzito, pima madume, kumi kumi kwa pamoja, wote wa umri mmoja. Tatu, kundi dhibiti: GAL4 peke yake na UAS peke yake, yote mawili, kwenye asili moja ya kijeni. Halijoto nayo: nzi waliolelewa nyuzi 18 huwa wakubwa kuliko wa nyuzi 25, na inkubeta yenye rafu ya juu ya joto kuliko ya chini inaweza kukuzalia tofauti ambayo haipo. Hamisha vichupa rafu kila siku.

*Inamfaa nani.* Anayepepeta neuropeptidi nyingi kwa mara ya kwanza, maabara isiyo na friza ya kuaminika, na yeyote anayetaka kuthibitisha kuwa kuna jambo la kufuatilia kabla ya kuagiza kingamwili.

2. Kuitia rangi Dilp2 kwenye seli zake

*Inasikiliza wapi.* Chanzoni: insulini imebaki kiasi gani ndani ya zile seli 14. Mwaka 2009 ilionyeshwa kuwa buu akinyimwa chakula, Dilp2 hujazana ndani ya seli kwa sababu haimwagwi. Akilishwa tena, seli huimwaga na kubaki karibu tupu. Hiki ndicho kipimo pekee kati ya vinne kinachogusa umwagaji wenyewe.

*Vifaa na kazi.* Konfokali, kingamwili ya Dilp2, na mkono mtulivu. Pasua ubongo wa buu wa hatua ya tatu ambaye bado anakula, ndani ya PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi. Uhifadhi kwenye formaldehidi asilimia 4 kwa dakika 20 hadi 30, osha mara tatu kwa PBS yenye Triton (aina ya sabuni) asilimia 0.3, zuia kwa seramu ya mbuzi asilimia 5, kisha kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye nyuzi 4. Ubongo ni mnene, na usiku wa pili mara nyingi hulipa. Piga matabaka yote ya vishada viwili, jumlisha mwangaza. Ubongo 10 hadi 15 kwa kila kundi ni kiasi cha chini cha busara.

*Inapokosea.* Kosa kubwa ni kusoma matokeo kinyume. Mwangaza mwingi haumaanishi insulini nyingi mwilini. Unaweza kuwa ghala lililofungwa. Hata hivyo unaweza pia kuwa kiwanda kinachozalisha zaidi, na sNPF hugusa uzalishaji. Kwa hiyo picha ya Dilp2 isiende peke yake. Iandamane na qPCR ya dilp2 kutoka ubongo wa kundi lilelile. Kama jeni haijabadilika na mwangaza umepanda, umwagaji umezibwa. Kama vyote vimepanda, bado hujui hadi uangalie chini ya mnyororo.

Kosa la pili liko kwenye hadubini. Watu hupanga nguvu ya leza kwa ubongo wa kundi dhibiti, kisha ubongo wa walionyimwa chakula unafika juu ya kikomo cha kamera na tofauti inapotea. Anza na ubongo unaong'aa kuliko wote, panga leza hadi pasiwe na pikseli iliyojaa, kisha usiguse kitu hadi ubongo wa mwisho. Wote wapigwe siku moja.

Wenye uwezo zaidi wanaweza kutumia nzi wenye Dilp2 iliyobandikwa lebo za HA na FLAG, waliotolewa na maabara ya Stanford mwaka 2014, na kupima kwa ELISA (kipimo cha wingi wa protini kwa kingamwili) kiasi kilichomo kwenye hemolimfu. Hapo unapima kilichomwagwa badala ya kilichobaki.

*Inamfaa nani.* Anayedai kwamba neuropeptidi yake inafanya kazi *ndani* ya seli za insulini. Bila ushahidi wa chanzo, dai hilo ni vigumu kulitetea.

3. Akt yenye fosfati

*Inasikiliza wapi.* Katikati, kwenye tishu inayopokea. Inakuambia kama ujumbe umefika na umesikika sasa hivi.

*Vifaa na kazi.* Western bloti ya kawaida (kutenganisha protini na kuzitambua kwa kingamwili juu ya utando), na kingamwili mbili: moja ya Akt ya nzi iliyopachikwa fosfati kwenye Ser505 (serini ya 505 ya protini hiyo), nyingine ya Akt yote. Unachoripoti ni uwiano wa hizo mbili. Mabuu watano hadi kumi kwa sampuli, au tishu ya mafuta pekee ikiwa unaweza kuipasua haraka. Bafa iwe na vizuizi vya fosfatasi (vimeng'enya vinavyong'oa fosfati), na utando uzibwe kwa BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 5. Maziwa ya unga yana kasini, protini iliyojaa fosfati, na mara nyingi huchafua aina hii ya bloti.

*Inapokosea.* Fosfati kwenye Akt huja na kuondoka ndani ya dakika. Buu aliyetolewa kwenye chakula akasubiri kwenye maji ya vuguvugu wakati unatafuta koleo si buu uliyetaka kumpima. Panga kila kitu kwanza, kisha toa mabuu, osha, gandisha au chemsha kwenye bafa ya sampuli mara moja, nyuzi 95 kwa dakika tano. Umri nao ni mkali: buu aliyeanza kupanda ukuta wa kichupa ameshaacha kula, na Akt yake haiwezi kulinganishwa na ya mwenzake aliye ndani ya chakula.

Bloti isiyo na udhibiti chanya haikuambii kama ukimya ni wa mnyama au wa kingamwili. Udhibiti mzuri ni rahisi kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa insulini ya binadamu huamsha InR ya nzi. Seli za S2, seli za nzi zinazokuzwa maabara, zikipewa mikrogramu 10 kwa mililita kwa dakika 15 hadi 30, Akt hupachikwa fosfati kwa uwazi. Insulini ya kawaida ya duka la dawa, ile safi isiyo na ukungu, ina yuniti 100 kwa mililita, sawa na takriban miligramu 3.5; mikrolita 3 kwenye mililita moja ya seli zinatosha. Kwa kuwa chupa ya duka la dawa ina kihifadhi, weka pia kisahani kimoja kisichopewa chochote na kingine kilichopewa bafa yenye kihifadhi hicho bila insulini.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji kusema kuwa njia ya insulini kwenye tishu lengwa imebadilika, na aliye na friza isiyokatika umeme. Kingamwili iliyoyeyuka na kuganda mara tatu haitakuambia kuwa imeharibika; itakupa tu mstari hafifu ambao utaulaumu mdudu. Igawe kwenye vichupa vidogo siku inapofika.

4. qPCR ya 4E-BP na InR

*Inasikiliza wapi.* Chini ya Akt, kwa FOXO. Ishara imegeuzwa: 4E-BP na InR zikipanda, insulini *imeshuka*. Liandike hilo juu ya jedwali lako kabla ya kuanza, kwa sababu kichwa huchoka.

*Vifaa na kazi.* Mabuu kumi kwa sampuli, sampuli nne au tano zilizolelewa kwenye vichupa tofauti. Toa RNA, ondoa DNA kwa DNase, geuza mikrogramu moja kuwa cDNA (nakala ya DNA), linganisha na jeni tulivu rp49 pamoja na nyingine moja tulivu. Tofauti ya mzunguko mmoja ni mara mbili.

*Inapokosea.* 4E-BP haimtii FOXO peke yake. ATF4, protini nyingine inayowasha jeni na inayoamka seli zinapokosa asidi amino au kuelemewa, nayo huiwasha. Kwa hiyo mabuu wagonjwa au wenye chakula kilichokauka watakuonyesha "insulini pungufu". Zikipanda 4E-BP na InR pamoja, hoja ya FOXO ina nguvu zaidi kuliko 4E-BP peke yake. Na ukipima jeni za Dilp zenyewe, usisahau kwamba njaa hushusha dilp3 na dilp5 huku dilp2 ikibaki ilivyo: dilp2 tulivu haimaanishi umwagaji mtulivu.

*Inamfaa nani.* Aliye na mashine ya qPCR tayari, mwenye vikundi vingi, na asiye na kingamwili. Ni njia nzuri pia kwa aliyeko mbali na maabara kuu, maana mabuu waliosagwa ndani ya TRIzol, kimiminika cha kutolea RNA, huvumilia safari kuliko protini yenye fosfati.

Kwa hali yako

Una orodha ya neuropeptidi ishirini na hujui pa kuanzia: pima pupa na muda wa kuwa pupa, basi. Usinunue kingamwili hadi orodha iwe tatu au nne.

Una badiliko moja lililo wazi la ukubwa na unataka kujua kama ni insulini: qPCR ya 4E-BP na InR kama una mashine, Akt kama una friza na kingamwili. Zikipingana, amini zaidi ile uliyoifanya kwa mabuu wa umri uliodhibitiwa, kisha rudia nyingine.

Unadai kuwa peptidi inaongea moja kwa moja na seli za insulini: huwezi kuikwepa Dilp2 pamoja na qPCR ya dilp2, na kipokezi kipunguzwe kwenye seli hizo tu. Kipimo kimoja cha upande wa kupokea kiandamane nayo.

Nzi wako ni wakubwa, lakini Akt na 4E-BP hazijasogea: rudi kwenye muda. Hesabu saa za kuwa pupa kabla ya kutupa dhana yako, na fikiria ekdisoni.

Hujaamua bado na mabuu wako tayari leo: ligawe kundi moja la mayai. Mabuu kumi kwenye TRIzol, mara tano. Kumi waliochemshwa kwenye bafa ya sampuli, mara tatu. Ubongo kumi na tano kwenye formaldehidi, ambao baada ya kuoshwa utaanza kuupaka rangi ndani ya siku hizohizo. Waliobaki waache wawe pupa uwapige picha. Andika kwenye kila kichupa saa ya kutaga, saa ya kukusanya, na kama buu alikuwa ndani ya chakula au ukutani.